TAA ZA ZIWANI: JUA NI LETU, NA TAA JE?

Mtu akisimama ufukweni katika Wilaya ya Busega usiku wa giza, akatazama Ghuba ya Speke, ataona taa zimetapakaa juu ya maji mpaka macho yachoke. Mgeni hudhani ng'ambo ile kuna mji. Hapana mji pale. Kila taa ile ni jasho la mtu. Ni mvuvi wa dagaa aliyeacha mke na watoto wamelala, naye yuko ndani ya mtumbwi, amefunga taa zake juu ya vielea, anangoja dagaa waifuate nuru ili ashushe wavu.

Kwa miaka mingi taa zile zilikuwa karabai, na karabai hunywa mafuta ya taa. Sasa zinaingia taa za aina nyingine, zinazotumia betri iliyotiwa nguvu na jua. Zimekwisha kuonekana katika mialo mingi ya Ziwa Victoria, na hata wavuvi wa dagaa wa pwani, katika Bahari ya Hindi, wanazijua. Watu wanazisifu na watu wanazilaani. Mmoja husema zimempunguzia gharama; mwingine husema zimemzimikia katikati ya usiku akarudi na mtumbwi mtupu. Jambo hili lafaa kuzungumzwa wazi, kwa sababu wengi wanaolizungumza huuliza swali moja tu: Je, taa hizi zinawaka vizuri? Sisi tunasema swali hilo ni nusu ya maneno. Nusu ya pili ni hii: Je, ni za nani?

Tunajua kwamba msomaji wetu wa Bariadi, au wa Maswa, Meatu na Itilima, ataweza kusema: "Sisi huku ni watu wa pamba na ng'ombe, taa za ziwani zatuhusu nini?" Ndugu, zinakuhusu. Tangu mkoa wetu wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, na Busega ikatengwa na Magu ikaja kwetu, sisi ni watu wa ziwa pia. Dagaa ndiye samaki anayevuliwa kwa uzito mkubwa kuliko samaki wote wa Ziwa Victoria. Ndiye samaki wa mtu mwenye fedha kidogo. Mtoto wa mkulima wa pamba huko Bariadi hupata nguvu ya mwili kwa dagaa waliokaushwa mchangani Busega. Gharama ya taa ikipanda ziwani, fungu la dagaa hupungua sokoni Bariadi. Hapana mtu wa mkoa huu awezaye kusema hayamhusu.

Kwanza tuseme habari ya mafuta. Chukua mfano, msomaji, na uuhesabu mwenyewe. Mtumbwi mmoja una karabai tano. Kila karabai hunywa lita moja usiku mmoja. Wavuvi huenda ziwani siku za giza na kupumzika mbalamwezi inapong'aa. Tuseme usiku ishirini kwa mwezi. Hizo ni lita 100 kila mwezi, lita 1,200 kwa mwaka, za mtumbwi mmoja tu. Mafuta hayo hayachimbwi Busega wala mahali popote katika Tanzania. Hutoka ng'ambo, hulipiwa kwa fedha za kigeni, husafirishwa kwa malori kutoka bandarini mpaka ziwani, na kila mkono yanaopitia huongeza chake. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Nia ilikuwa njema, maana wachakachuaji walikuwa wakiharibu magari ya watu. Lakini mvuvi ambaye hakuchakachua kitu alilipa pamoja na mwizi.

Tena karabai ina hasara nyingine. Kioo chake hupasuka kikirushiwa maji. Utambi wake ni kama majivu, ukitikiswa na wimbi huanguka. Huwezi kuipampu mtumbwini bila kuwa na hofu ya moto karibu na mwili wako, na wako watu wenye makovu ya moto huo. Kwa hiyo mtu akija na taa isiyonywa mafuta wala kuunguza mtu, hatuna sababu ya kumfukuza. Yatupasa kumkaribisha, lakini tumkaribishe macho yakiwa wazi.

Wala jambo hili si geni duniani. Mataifa mengine yalikwisha kuihangaikia taa ya majini zamani. Huko Sweden Gustaf Dalén alitengeneza kifaa cha kuzima taa ya gesi ya baharini jua linapochomoza na kuiwasha giza linapoingia, bila mtu kuigusa, na mwaka 1912 akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Mwaka 1963 Wajapani walifunga paneli za jua za wati 242 kwenye mnara wa taa wa baharini, na wakati ule hapakuwa na mtambo wa namna ile uliokuwa mkubwa zaidi duniani. Na Mjapani mwingine, Yoshio Masuda, aliyatumia mawimbi yenyewe: alitengeneza boya ambalo likipandishwa na kushushwa na wimbi husukuma hewa ndani yake, hewa huzungusha gurudumu, gurudumu hutoa umeme, umeme huwasha taa. Maboya hayo yalianza kuuzwa mwaka 1965.

Twayataja haya ili tuone watu wale walifanya nini. Kila mmoja alijaribu nguvu iliyokuwa mlangoni kwake, katika maji yake, mpaka akajua inafaa nini na haifai nini. Boya la Masuda lilifaa bahari yenye mawimbi makubwa yasiyokoma. Ghuba yetu usiku mwingi hutulia, na kielea cha karabai ni kidogo mno kubeba mtambo wa wimbi au pangaboi la upepo. Nguvu iliyo mlangoni kwetu ni jua. Tuko karibu na mstari wa Ikweta. Mchana na usiku wetu hulingana karibu mwaka mzima, na jua lile lile linalopasua vitumba vya pamba Bariadi ndilo linalokausha dagaa Busega. Halitozwi ushuru wala haliletwi na meli.

Lakini jua kuwa bure si kusema taa ni bure. Na hapa ndipo wengi wanapodanganywa. Fundi wa kweli hatakuambia "taa hii ni nzuri", atakuonyesha hesabu. Taa ya LED ya wati 5 ikiwaka saa 10 hutumia wati-saa 50. Paneli ya wati 20 ikipata saa tano za jua kali hutoa wati-saa 100. Basi paneli yatosha, hata ukitoa kinachopotea njiani na kinachopungua siku ya mawingu. Tazama sasa betri. Betri ndogo ya risasi na tindikali ya volti 12 na ampea-saa 7 hubeba wati-saa 84. Muuzaji atakuambia: "Unataka 50, nakupa 84, una shida gani?" Hakuambii kwamba betri ya namna hiyo haipendi kunyonywa kupita nusu. Nusu yake ni 42. Ukiwasha taa saa moja jioni, nusu hiyo imekwisha saa tisa na nusu usiku, kabla ya alfajiri. Ukiendelea kuinyonya usiku baada ya usiku, itakubali kwa muda, kisha itakufa mapema, na wewe utasema sola ni uongo. Sola si uongo. Mwongo ni yule aliyekuuzia betri ndogo kwa maneno makubwa.

Kwa hiyo tunataka taa hizi zijaribiwe, tena zijaribiwe kwa haki. Jaribio la haki si la mtu kuja na gari, kuwasha taa mchana mbele ya wakubwa, kupigwa picha na kuondoka. Jaribio la haki ni la ziwani. Mitumbwi miwili itoke mwalo mmoja, usiku mmoja, nyavu za aina moja, mmoja na karabai na mwingine na taa za jua. Asubuhi dagaa wapimwe kwa mizani na kuandikwa. Kesho wabadilishane taa, ili mtu asiseme nahodha fulani ana bahati. Ifanyike hivyo kiangazi, na ifanyike hivyo masika wakati wingu linapokaa siku tatu. Taa ichovywe majini, ipigwe na wimbi, iangushwe mtumbwini kama inavyoangushwa kila siku. Nuru ya karabai husambaa pande zote, lakini nuru ya LED huelekea upande mmoja. Basi ijulikane inafaa kuning'inizwa vipi ili iwaite dagaa badala ya kuangaza mawingu. Na ijulikane pia inamwita nani mwingine, maana nuru kali mno, au wavu wenye macho madogo mno, huweza kuzoa na watoto wa samaki wengine. Nguvu ya nuru lazima iwe na kipimo. Hatutaki kuokoa fedha ya mafuta mwaka huu na kuumaliza ukoo wa samaki mwaka ujao.

Wenye kazi hiyo wapo. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania ina kituo chake Mwanza, hapa jirani. Shirika la Viwango lipo kwa kupima kama betri iliyoandikwa 7 ni 7 kweli. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vipo katika mialo. Lakini mwenye neno la mwisho awe mvuvi. Watafiti wamekwisha kupeleka taa za LED kwa wavuvi wa ziwa hili na wa Tanganyika, na kazi yao ni ya heshima. Hata hivyo mtafiti hurudi kwake kulala. Mvuvi ndiye anayebaki gizani taa ikizimika. Basi na awe na daftari lake, aandike usiku kwa usiku: taa imewaka saa ngapi, dagaa ndoo ngapi, nini kimeharibika, kimetengenezwa kwa shilingi ngapi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa tuje kwenye nusu ya pili ya swali, ambayo wengi hawapendi kuizungumza.

Kila mtu wa mwaloni ajua jinsi mapato ya mtumbwi yanavyogawanywa. Dagaa wakiuzwa, kwanza hutolewa gharama, na gharama kubwa ni mafuta. Kinachobaki ndicho hugawanywa, fungu la tajiri mwenye mtumbwi na fungu la wavuvi. Turudi kwenye lita zetu 100. Kwa kurahisisha hesabu, tuseme lita ni shilingi 3,000, na mgawanyo ni nusu kwa nusu. Shilingi 300,000 zilikuwa zikitoka kila mwezi kabla ya kugawana: 150,000 upande wa tajiri, na 150,000 upande wa wavuvi. Wavuvi wakiwa wanne, kila mmoja alikuwa akichangia mafuta shilingi 37,500 kwa mwezi, ingawa hakuziona mkononi.

Mafuta yakiondoka, fedha zile ziende wapi? Hapo ndipo penye vita. Tajiri mwenye haki atasema: "Nimenunua taa kwa fedha yangu, tutakata kidogo kidogo mpaka bei yake irudi, kisha tutaacha." Hayo ni maneno ya mtu mwema, na matajiri wa namna hiyo wapo. Lakini yuko mwingine atakayesema: "Zamani tulikata mafuta, sasa tutakata kodi ya taa," naye atakata zile zile shilingi 300,000, mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka, hata taa ikiwa imekwisha kujilipa mara tatu. Na yuko mwenye duka atakayekopesha taa kwa sharti kwamba dagaa wote auziwe yeye, kwa bei anayoitaka yeye. Mvuvi atakuwa ametoka katika deni la mafuta akaingia katika deni la jua. Cha mlevi huliwa na mgema, na cha mvuvi asiye na daftari huliwa na mwenye taa.

Huko Mbita, upande wa Kenya wa ziwa hili, mwaka 2008 kampuni ya Kijerumani OSRAM ilifungua kituo cha jua cha kuchaji taa za wavuvi. Mvuvi aliweka rehani ya fedha, akachukua taa, na ilipokwisha nguvu aliirudisha kituoni ikachajiwa kwa malipo. Hatusemi mpango ule ulikuwa mbaya. Ulifundisha jambo moja kubwa, kwamba si lazima kila mvuvi anunue paneli. Kituo kimoja chaweza kuhudumia watu wengi. Lakini sisi tunaongeza neno: kituo kile kiwe cha nani? Kikiwa cha mtu wa mbali, atakayepanga bei ya kuchaji ndiye mwuza mafuta mpya, amebadilisha kanzu tu.

Watu wa Usukuma hawahitaji kufundishwa somo hili na mtu yeyote. Wazee wetu walilisoma katika pamba. Miaka ya 1950 mwanzoni mkulima alibeba pamba kichwani, akafika kwa mnunuzi, na mizani ilikuwa ya mnunuzi. Mwenye mizani ndiye aliyesema kilo ni ngapi. Wakulima walikataa. Walianza kupima wenyewe, wakaunda vyama vya ushirika kijiji kwa kijiji, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa chama kikuu cha ushirika cha Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Baadaye wakawa na vinu vyao wenyewe vya kuchambulia pamba. Ushirika ule ulikuja kupata matatizo yake, na wako waliokula mali ya wenzao, hatuyafichi hayo. Lakini hakuna awezaye kukana kwamba mkulima alipoishika mizani alisimama wima.

Taa ndiyo mizani ya mvuvi wa leo. Anayeishika ndiye atakayesema nani apate nini.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Vituo vya kuchaji katika mialo ya Busega viwe vya ushirika wa wavuvi na wa akina mama wanaokausha dagaa. Akina mama tunawataja kwa makusudi. Wao huanika dagaa, hutunza fedha za nyumbani, na hukaa mwaloni mchana wote jua linapowaka na wanaume wamelala. Nani afaaye zaidi kulinda paneli na kuandika daftari la kituo? Fedha ya kuanzia ipo njia. Sheria imeweka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kuwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha kuchaji taa ni kikundi chenye kazi inayoonekana na wateja wanaorudi kila siku ya giza. Halmashauri ikikikopesha, itajua fedha yake iko wapi.

Pili, kila mtumbwi uwe na mapatano ya maandishi: taa imegharimu kiasi gani, itakatwa kiasi gani kwa mwezi, na makato yatakwisha lini. Siku yakiisha yamekwisha. Kikundi cha mwaloni kiwe shahidi.

Tatu, vijana wetu wafundishwe kuzitengeneza. Ni aibu taa kufa kwa sababu ya waya mmoja uliokatika, ikatupwa, na nyingine ikaagizwa kutoka ng'ambo. Kijana wa Bariadi aliyesoma ufundi wa umeme aweze kuifungua, kuipima betri, na kuuza kazi yake Busega. Hapo mtu wa bara na mtu wa ziwa watakuwa wameshikana mikono kwa kazi, si kwa hotuba.

Nne, betri zilizokufa zirudishwe kituoni, zisitupwe. Ndani yake mna risasi na tindikali, na maji ya ziwa lile ndiyo tunayokunywa. Anayeleta betri mbovu apunguziwe bei ya mpya, nasi hatutaona hata moja ufukweni.

Wako watakaosema tunachelewesha maendeleo kwa kuuliza maswali mengi. La hasha. Tunataka taa hizi ziingie, tena upesi. Lakini tumeona mashine ngapi zimekuja kwa shangwe, zikaharibika, zikaota kutu nyuma ya ofisi? Zilikuja bila kuulizwa maswali.

Ndugu mvuvi, mtu akikuletea taa ya jua kesho, usiikatae na usiipokee kama zawadi ya mfalme. Muulize betri yake hubeba kiasi gani. Muulize itawaka mpaka saa ngapi wiki ya mvua. Muulize nani ataitengeneza. Kisha umgeukie mwenye mtumbwi, kwa heshima, umuulize mbele ya wenzako wote: "Fungu la mafuta lililokuwa likikatwa, kuanzia mwezi huu linakwenda wapi?" Na jibu lake liandikwe.